Povu la Siku ya Arobaini

Harufu ya peremende hainipi raha. Wengine wakiisikia hukumbuka pipi, mimi nakumbuka kichwa cha mdogo wangu Bakari kimenyolewa nusu. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Mnyambe, huku juu Newala, kiangazi cha msimu wa korosho, wakati mabibo yaliyooza yananukia mpaka ndani ya nguo na maji hakuna. Tanki la kukinga mvua lilikuwa limebaki tope. Maji tuliyafuata bondeni, chini ya mteremko. Ukipanda na ndoo kichwani, shingo yote inazama mabegani, na ukifika nyumbani hakuna anayethubutu kumwaga hata tone.

Baba yangu alikuwa mkulima, ila watu walimjua kwa wembe. Mtoto akifika arobaini, siku ya kutolewa nje na kunyolewa nywele alizozaliwa nazo, baba ndiye aliyeitwa, kwetu na mpaka Makote. Alikuwa na wembe mmoja wa kukunja, mkanda wa ngozi wa kuunolea, kipande cha sabuni ya mche na nusu kikombe cha bati cha maji. Basi. Ndevu zake mwenyewe alizinyoa kwa vitu hivyohivyo kila Ijumaa, bila kioo, kwenye kigoda kilekile. Hakuwahi kumtoa mtoto damu. Alisema, "Mkono ukizoea kitu kimoja, unalijua kosa kabla halijafika."

Baba Mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, alifanya biashara ndogondogo Masasi mjini, pale Mkomaindo. Alikuja kwetu wiki moja kabla ya arobaini ya Bakari, na begi ambalo nusu yake ni vitu vya kunyolea: brashi laini na brashi ngumu, mashine tatu za kutia wembe, sabuni ya tyubu, sabuni ya kijiti, sabuni ya kopo, na vichupa vya manukato vya kujipaka baadaye. Kila asubuhi alichagua. Leo hiki, kesho kile. Sisi watoto tulimkalia mbele kama tumekuja kuangalia ngoma. "Kaka," alimtania baba, "wembe uleule, sabuni ileile, na sura ileile! Hata Mungu hakuumba ua la aina moja." Baba alimjibu bila kucheka, "Na mvua je, ameiumba ya kila siku? Hesabu kata unazomwaga." Kweli, Baba Mdogo alisuuza brashi kata ya kwanza, uso kata ya pili, mashine kata ya tatu. Ndoo ilipungua mbele ya macho ya mama yangu, naye hawezi kumkaripia mgeni. Kabla ya Bakari, mama alikuwa amezika watoto wawili. Yule mtoto akikohoa tu, nyumba nzima inasimama.

Siku ilipofika, kina mama walijaa chumbani, udi unafuka mpaka macho yanauma. Baba akanituma povu. Kazi hiyo nilikuwa naijua: unaparura sabuni ya mche ndani ya kikombe, unatia maji kidogo, unakoroga. Lakini wiki nzima nilikuwa nimeangalia vya Baba Mdogo, na sabuni ya mche nikaiona ya kufulia tu. Nikafungua kopo lake jeupe, lile la peremende. Alikuwa amenikataza kwa mdomo wake: "Zuhura, hii usiiguse. Inawasha, ni ya ndevu ngumu." Nikachota kwa vidole viwili. Nilitaka mdogo wangu anukie kama mtu wa mjini.

Kwa ule udi, baba hakusikia harufu. Alimpaka Bakari kichwa chote, akasoma Bismillahi, akaanza nyuma ya sikio la kulia. Wembe ulikuwa unakwenda taratibu, nywele zinaanguka kwenye kitambaa alichokishika mama. Upande mmoja ukaisha. Alipofika utosini, pale panapodundadunda, povu likateleza likaingia jichoni. Bakari akapiga ukelele na kurusha kichwa. Baba aliinua wembe haraka, haraka kuliko nilivyowahi kumwona, lakini damu ilikuwa imeshatoka. Tone moja. Mama akasema, "Baba Zuhura, maji! Macho ya mtoto!" Nikakimbilia ndoo. Tupu; maji ya mwisho yalikuwa yameishia kwenye povu. Baba Mdogo alikuwa ameamka mapema kujipamba kwa ajili ya shughuli. Mama hakungoja, akatoa ziwa, akamkamulia mtoto maziwa jichoni, tena na tena, huku anaomba dua.

Baba akanusa vidole vyake. Akatoka barazani, mimi nyuma yake. "Sabuni hii ya nani?" Baba Mdogo alinitazama mimi kwanza. Nikaangalia chini. Akasema, "Ni yangu, kaka." "Umemtilia mwanangu sumu kichwani?" Akaanza kukusanya vitu vyake. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, na mdomo wangu ulikuwa kama umeshonwa.

Baba alirudi ndani, akalifuta lile povu, akamalizia upande wa pili kwa mafuta ya ufuta. Jicho lilivimba siku mbili, likapona. Baba Mdogo aliondoka mchana uleule, na baba akamwambia mbele za watu asikanyage kwake tena. Wembe wake mwenyewe baba aliufunga kwenye kitambaa. Watoto wa watu hakuwanyoa tena, walipomwita alisema mkono umechoka. Wale ndugu hawakula sahani moja mpaka baba anazikwa.

Siku hizi bomba lipo, maji yanatoka siku kadhaa kwa wiki, na madukani Newala sabuni za kunyolea zimejaa rafu nzima. Mume wangu ana moja tu, kijana wangu ana droo nzima, na siwagombezi wote wawili. Aliyeharibu ni mimi. Mungu nimemwomba msamaha kila swala, lakini haki ya mtu huombwa kwa mtu. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Nilipoanza masomo ya jioni, ukubwani, barua yangu ya kwanza ndefu ilikuwa ya kumwomba Baba Mdogo msamaha, na mwezi uliopita niliipeleka Mkomaindo kwa mkono wangu.

Baba Mdogo aliisoma kwa shida, ameisogeza karibu na macho. "Nilijua siku ileile, mwanangu. Ningekutaja, ungepigwa ukaumia. Mimi nilikuwa mtu mzima." Kisha akauliza, "Na Bakari anajua?"

Bakari hajui. Amekuwa mtu mzima na watoto wake, na amekua akiambiwa kwamba mtu huyu alitaka kumpofua. Nyumba ile hajaiingia hata siku moja. Sikuaga. Nilikaa palepale kwenye mkeka, nikampigia simu.

"Dada, shikamoo. Uko wapi?"

"Marahaba. Niko kwa baba yako mdogo."

"Unafanya nini huko?"

"Panda gari uje," nikamwambia. "Kuna kitu nitakisema mbele yenu wawili, na sitoki hapa mpaka ufike."