Hudihudi Kwenye Friza

Niseme mapema: asije mtu kumsema vibaya shoga yangu kwa sababu ya yule ndege. Tutagombana.

Yeye wa Tanga, mimi wa Mombasa. Tulilala chumba kimoja huku Uarabuni, mtaa wa Discovery Gardens, kitanda cha ghorofa, yeye chini mimi juu. Kazi yake ilikuwa kusafisha vyumba kwenye hoteli moja Al Barsha, na kuta za kule zimejaa ndege, nakala za michoro ya Wazungu ya karne ya kumi na nane. Akipita na kigari chake cha mashuka anawapiga picha kwa simu, ananitumia. "Mwalimu wako huyo, chora." Shule yangu ya uchoraji ni hiyo tu, simu ya shoga.

Nikasomasoma, nikajua siri yao. Wengi wa wale wachoraji hawakumwona ndege akiwa hai. Waliletewa ngozi kavu, imesafiri na meli miezi, macho yameoza zamani. Rangi ya jicho mtu anabuni tu! Nikasema mimi nitawapita, nitapata ndege mbichi.

Mkataba wake ukaisha. Ijumaa anarudi kwao, na mimi nataka aondoke na ndege wa mkono wangu. Jumatatu natoka kazini, mkahawa mmoja JLT, namkuta hudihudi, yule ndege wa kishungi, chini ya jengo refu la vioo, kajigonga kwenye kioo akafa. Hana hata jeraha. Nikamtia kwenye mfuko, nikamficha frizani nyuma ya samaki. Nilitaka kumshtukiza shoga.

Sasa kwetu mwenye zamu ya kupika anachukua kilichomo frizani, haulizi. Jumatano zamu yake. Nafungua mlango, harufu ya tangawizi, na yeye kashika kitu uchi, kidogo.

"Shoga, nani kanunua kware? Kakonda huyu!"

"Kware? Hudihudi wangu huyo! Hukuona kishungi?"

"Kaganda barafu, nitaonaje? Kichwa nimeshakata."

"Na hakuchinjwa!"

Akamwangusha kwenye sinki. "Umeweka nyamafu na samaki wetu?"

"Na wewe umenyonyoa zawadi yako mwenyewe!"

Nilifoka mpaka jirani akagonga ukuta. Dada wa Kiganda tuliyekaa naye akacheka: "Huyu wa Tanga angepika hata paka wa arbab, bosi wake." Hapo nikamgeukia yeye. Nikamwambia khalas, funga mdomo, wa kumfokea huyu ni mimi peke yangu.

Kuangalia nyuma, shoga kainamia pipa la taka, anaokota manyoya. Akayaosha, akayapanga kwenye sinia: jeusi, jeupe, jeusi, kishungi juu. "Yalla, chora," akasema, kamasi zinamtoka.

Nikachora nikitazama sinia. Jicho lilishaharibika, basi nikafanya kama wale wa zamani, nikabuni. Nikamtia jicho la shoga, vile alivyonitazama pale kwenye sinki.

Picha iko Tanga, juu ya televisheni. Juzi kanitumia sauti: "Mama anauliza, huyu ndege kakosa nini, mbona kama anaomba radhi?" Niliirudiarudia ndani ya metro mpaka nikapitiliza kituo.

Ninapokaa sasa, kila mtu ana rafu yake frizani, kaibandika jina. Hakuna anayegusa cha mwenziwe. Hakuna wa kuninyonyolea ndege.