Mama Kope na utitiri wa miguu mirefu

Saa mbili na nusu asubuhi, mwanamke aliyevaa koti jeupe lililofifia anavuta kiti hadi dirishani. Anavua miwani, analikandamiza jicho la kulia kwa kiganja, kisha anainamia hadubini. Mlangoni, mhudumu wa usafi amesimama na ndoo yake. Anajua akipiga deki sasa meza itatikisika, na meza ikitikisika atasemwa.

Chini ya lenzi yupo mdudu wa mazoezi, ambaye wewe na mimi tungempuliza kama vumbi. Mwili wake umenona, ni mweupe kama ufuta uliomenywa. Hana kichwa kilichojitenga wala kiuno. Miguu ndiyo iliyomzidi: minane, na ile miwili ya mbele ni mirefu kuliko mwili wenyewe.

"Nyoosha, mwanangu," ananong'ona mwanamke. "Nyoosha mguu basi, tupumzike sote."

Mkononi ameshika kijiti cha kuchokolea meno kilichogandishwa unywele mmoja kwenye ncha. Ni kope. Sindano ingemtumbua mdudu huyu na brashi ingemfagia, lakini kope inamsukuma bila kumuumiza. Ndiyo maana katika jengo hili la utafiti wa wadudu jina lake halisi limebaki kwenye karatasi za mshahara tu. Wote, kuanzia mlinzi hadi mkurugenzi, wanamwita Mama Kope.

"Hii ni ya binti yangu," anasema akicheka kidogo. "Zangu zimeisha. Kila akija kunisalimia namwambia, mwanangu, usiondoke hujaniachia kope."

Kazi yake ni kuandaa utitiri. Wadudu hao hufika kwenye chupa za spiriti, wakiwa wamekufa na kujikunja. Yeye huwaloweka kwenye asidi hadi wawe kama kioo, huwalaza kwenye tone la gundi juu ya slaidi, hunyoosha mguu mmoja mmoja, kisha hufunika kwa kigae chembamba cha kioo. Baada ya hapo ndipo wataalamu wanaweza kusema huyu ni nani na wa ukoo gani.

Anaeleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Mwenye miguu sita bado ni mtoto, na akikua atapata minane. Huyu hana vipapasio kama mende, kwa hiyo miguu ya mbele ndiyo inayopapasa njia. Kwenye ncha za miguu hiyo, na ile inayofuata, kuna vinyweleo vilivyolala ndani ya vijishimo. Namna vilivyopangana, kama vimelala sambamba au vimekaa upande, ndiyo hutenganisha aina moja na nyingine.

"Ukikata mguu wa mbele, umelikata jina lake," anasema.

Mtaani kwake hakuna anayeyaelewa haya. Jirani mmoja, aliposikia kwamba anafanya kazi ya utitiri, alimletea kuku mzima kwenye kikapu. "Alitaka nimtibu. Nikamwambia shoga, hawa wangu hawana habari na kuku. Wanaishi chini ya majani yaliyooza, wanakula wadudu wadogo kuliko wao. Akaniuliza, sasa wana kazi gani? Nikamrudishia kikapu chake. Nilikuwa nimechoka."

Uchovu huo si wa jana. Aliingia hapa akiwa msichana, akiosha vyombo vya maabara. Siku moja aliyekuwa akiandaa slaidi aliugua, naye akaombwa ajaribu. Mkono wake haukutetemeka. Tangu hapo, karibu miaka thelathini, ameinama. Shingo haigeuki vizuri, na jioni huomba mtu mwingine ammenyee viazi.

Mumewe, fundi cherehani, ndiye aliyegundua kwamba jicho nalo limeanza kuaga. Walikuwa wamekaa wawili, mama anamimina chai.

"Mke wangu," alisema mzee, "kikombe kiko huku."

Chai ilikuwa inatiririka mezani. Daktari alipomchunguza alikuta mtoto wa jicho, jicho la kulia. Akamwambia atafanyiwa upasuaji, na baada ya hapo apumzike kwa muda mrefu, asiiname.

"Nilifurahi, nisikufiche," anasema. "Kupumzika! Halafu nikakumbuka slaidi ya Mwalimu."

Mwalimu ni profesa mstaafu aliyefungua chumba hiki. Enzi za ujana wake, kwenye mteremko wa mlima, chini ya jiwe lenye unyevu, alimpata utitiri wa miguu mirefu ambao haukufanana na mwingine wowote. Alirudi mara nyingi kutafuta wa pili, hakupata. Leo mteremko huo ni machimbo ya kokoto. Mdudu yule mmoja ndiye ushahidi pekee kwamba aina yake iliwahi kuwapo.

Gundi ya slaidi hiyo ilikuwa imeanza kuganda na kuwa chembechembe, kama asali ya zamani. Chembe zilianzia pembeni na kusogea ndani, hadi zikakaribia mguu wa mbele. Zikiufikia zingeupasua. Ilibidi mdudu alowekwe, atolewe, alazwe upya. Kungoja jicho lipone kulimaanisha kumpoteza.

Mama Kope alijaribu mwenyewe mara mbili kwa mdudu wa mazoezi, na mara zote mbili alimponda. Kwa jicho moja aliona kila kitu, lakini hakuweza kujua kope iko juu ya mdudu kwa umbali gani. "Ni kama kushuka ngazi gizani. Unadhani umefika chini, kumbe bado. Au unadhani bado, kumbe umeshafika."

Akampigia simu Mwalimu.

Mzee alikuja asubuhi yake, na fimbo, na koti lililofungwa vifungo vibaya. Macho yake ni mazima; mikono ndiyo imemkimbia. Hata kikombe hukishika kwa mikono miwili.

"Mama, mimi nitamwua," alisema kabla hajakaa.

"Hutamgusa, Mwalimu. Wewe utaona, mimi nitashika."

Walitoa stoo hadubini ya kufundishia, ile ya watu wawili kutazama kitu kimoja kwa pamoja. Mhudumu wa usafi alikaa nje ya mlango kuzuia watu. Slaidi ililowekwa kwenye maji ya uvuguvugu hadi kigae kikalegea, na mdudu akaanza kuelea ndani ya tone, mguu mmoja ukiwa bado umenasa kwenye chembe za gundi.

"Shuka," alisema Mwalimu. "Shuka kidogo. Kidogo, mama! Hapo. Usishuke tena."

"Usinipigie kelele."

"Sikupigii kelele. Naogopa."

"Na mimi naogopa, lakini nimenyamaza."

Hilo lilimchekesha mzee, ikabidi wasubiri kicheko kiishe ndipo waendelee. Akamwelekeza tena: kushoto, juu, sukuma, acha. Mguu wa mbele wa kulia ukanyooka. Wa kushoto ukakataa. Mama Kope aliongeza maji, akangoja, akajaribu tena. Shingo ilikuwa inamwaka moto. Jasho lilimwingia kwenye lile jicho zima na hakuthubutu kulifuta.

Ukaachia. Lakini wakati mdudu anageuka, mguu wa nyuma uligusa ukingo wa gundi ngumu na kukatika.

Mama Kope aliiondoa kope ndani ya tone.

"Upi?" aliuliza mama. Yeye hakuuona vizuri.

"Wa nyuma. Wa mwisho, kushoto," alisema Mwalimu. "Ya mbele iko yote. Vinyweleo viko mahali pake. Naviona, mama. Naviona vyote."

Mama Kope aliuokota mguu uliokatika, akaulaza kando ya mdudu mwenyewe katika tone lilelile, akafunika. Kisha alitoka nje, akakaa kwenye ngazi hadi saa ya chakula.

Alilia? "Hapana. Macho yalikuwa yanatoa maji yenyewe," anasema. Kisha anaongeza, "Nililia kidogo. Ule mguu ulikuwa mzima kabla sijazaa mtoto wa kwanza. Umekatika mkononi mwangu."

Mwalimu, ambaye mwandishi huyu alizungumza naye kwa simu, analiona vingine. "Ana miguu saba mahali pake na mmoja pembeni," anasema. "Bila mama, sasa hivi tungekuwa na kioo chenye mchanga."

Slaidi sasa iko kabatini. Makabati mengine mawili yana slaidi zenye gundi ya namna ileile, na taasisi bado haijapata wa kuyashughulikia. Mama Kope amewaandalia wenzake wa maabara siku za kufundishwa, lakini kila mmoja ana kazi yake. Akiulizwa kama atarudi baada ya upasuaji, anapandisha mabega na kuyashusha.

"Nitarudi, nitakwenda wapi? Ila si kwa kuinama kutwa. Nimewaambia wanitafutie kiti kizuri na mtu wa kusaidiana naye. Wasiponipa, nitakaa na mume wangu nimtungie uzi."

Upasuaji ni mwezi ujao. Kuna jambo moja tu analolisubiri kwa hamu, na anapolisema uso wake unapoteza miaka kadhaa. Mwalimu alimweleza kwamba wadudu hawa, ukifunua jani la chini lenye unyevu, hukimbia kama wendawazimu, mbele na kinyumenyume kwa kasi ileile, huku miguu ya mbele ikigonga-gonga njia. Wala si lazima kupanda mlima. Wapo hata nyuma ya jengo, pale tangi la maji linapovuja.

"Nikipata jicho, nitashuka pale na sahani nyeupe nifunue majani," anasema akivaa miwani yake. "Miguu yao nimeinyoosha maisha yangu yote. Sijawahi kuona hata mmoja akipiga hatua."