Mtihani Katika Chumba cha Pamba

Chuo kilipotutumia dodoso la kuuliza kama tuko tayari kujifunza Kiingereza mtandaoni, niliweka tiki kwenye ndiyo kila mahali. Una simu? Ndiyo. Una bando? Ndiyo. Una sehemu tulivu? Ndiyo, tena tulivu sana. Sidhani kama kuna mwenzangu aliyejibu tofauti.

Tatizo langu halikuwa simu. Lilikuwa kuongea. Kuandika naweza, kusikia nasikia, lakini nikifungua mdomo darasani maneno yanagoma. Mtihani wa mazungumzo niliufeli, nikapewa sapu, yaani mtihani wa marudio, kwa video, niifanye likizoni nyumbani Dutwa. Nikifeli tena ni disko, chuo kwaheri. Wiki tatu nilikariri maelezo yangu binafsi kama mtoto wa kipaimara anavyokariri katekisimu.

Sehemu tulivu niliipata kweli. Pamba yetu ilikuwa haijauzwa, imejaa chumba cha mbele, na dirisha la chumba hicho ndilo pekee lililoshika mtandao. Pamba humeza kelele. Siku ya mtihani nikaegemeza simu kwenye gunia, nikaanza kumwaga nilichokariri. Mtahini, mwanamume wa makamo mwenye miwani, alikuwa akiandika.

Mlango ukafunguliwa. Shangazi, dada mkubwa wa baba, kafika kutoka Zagayu.

Kwetu hakuna binti anayebaki kitini shangazi akiingia. Magoti yangu yalishuka kabla sijafikiri.

"Mwangaluka, shangazi."

"Mwangaluka, ng'wanawane. Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu, yaani salama tu.

Akauliza ya nyumbani, ya ng'ombe, ya masomo. Kila swali lina jibu lake, na kukatisha ni kukosa adabu. Niliporudi kwenye simu, mtahini alikuwa amekunja uso. Akaniuliza nilikwenda wapi katikati ya mtihani. Nikatafuta nilichokariri, sikuona hata neno. Na mimi hasira zangu ziko karibu, zikanipanda.

Nikamwambia, kwa Kiingereza, kwamba nilikuwa namsalimia shangazi yangu, na kwamba hata yeye mtahini angekuwa rais ningemwacha hapo hapo asubiri.

Akaweka kalamu chini. Akauliza tunasalimianaje. Nikamweleza nani anapiga magoti, nani anaanza, kwa nini ng'ombe hawasahauliki. Aliuliza, nikajibu, akauliza tena. Sarufi iliteleza hapa na pale, sikujali, nikasonga mbele. Shangazi, aliyekwisha kukaa juu ya pamba, akanigusa bega, akaniuliza kwa kilugha chetu.

"Huyo baba wa kwenye simu ni wa ukoo gani? Mbona hajanisalimia?"

Nikatafsiri. Mtahini akavua miwani, akajaribu salamu yetu. Shangazi akatikisa kichwa.

"Bado. Arudie."

Nikamwamuru arudie, mtahini wangu mwenyewe! Akarudia mara tatu mpaka shangazi akaitikia. Tulicheka wote. Sikuwahi kuwa na furaha namna ile ndani ya Kiingereza.

Muda wa mtihani ulikuwa umepita zamani. Akasema matokeo rasmi yatakuja, ila nisijikoseshe usingizi, nimefaulu vizuri.

"Amesemaje?" shangazi akauliza.

"Amesema narudi chuo."

Akapiga kigelegele pale pale juu ya pamba. Mama akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akakipokea kabla hata hajauliza ni cha nini.