Chini ya Darasa la Kwanza Kuna Shimo la Dhahabu

Admin, nifichie jina, na shule usiitaje, maana huku kwetu tunajuana mpaka kikohozi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Kasongo mjini, nimeolewa upande wa Lusangi kwenye machimbo ya dhahabu. Nafundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya serikali. Binti yangu wa miaka sita, nimwite Salima, ni mwanafunzi wangu. Haya ninayoandika mume wangu hayajui, na akiyasoma atajua ni mimi kabla hajafika katikati. Sawa, na ajue.

Serikali ilitangaza kwamba shule ya msingi ni bure, tukapiga makofi. Lakini walimu wengi hapa, na mimi mmoja wao, hatuna matrikule, ile namba ambayo bila hiyo huhesabiwi kwenye mishahara. Mzazi haruhusiwi kutoa kitu, serikali haitujui, basi tukawa tunafundisha kwa njaa. Mmoja akaenda kuuza mafuta ya mawese, mwingine akaingia machimboni. Watoto wa la sita walifika kwenye mtihani wa taifa hawajui hata kusoma swali.

Ndipo komite ya wazazi, ambayo rais wake ni mume wangu, ikakaa na mwenye shimo mmoja aliyetoka Kivu. Huku mwenye shimo tunamwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, hata kama anavaa kandambili. Wakapatana: achimbe nyuma ya vyoo vya shule, na kila mwisho wa mwezi atulipe sisi tusio na matrikule. Sharti lilikuwa asivuke mlingoti wa bendera, ulio kati ya vyoo na madarasa. Imamu akasoma fatiha, pasta akaliombea shimo, tukala mbuzi. Nami nilikula, tena niliongeza.

Kusema kweli, shule ilifufuka. Walimu walirudi, la sita wakafaulu karibu wote, wakubwa wa elimu wakaja kutusifu kwamba sisi ni mfano. Wazazi wakaanza kuleta watoto kwa baiskeli kutoka mbali. Hakuna aliyeuliza tunakula nini.

Kisha mlingoti ukaanza kuinama. Direkteri, mkuu wetu wa shule, aliuegemeza kwa mawe, Jumatatu iliyofuata umeinama tena, na sisi tunaimba wimbo wa taifa tumepinda shingo. Halafu sakafu ya darasa la sita ikapasuka, ufa unaoingia vidole. Komite ikaitwa. Nilikuwa na hakika watalifunga shimo.

Mume wangu alisimama akasema, "La sita ndiyo wanatuletea jina. Tusiwaweke pabaya. Tubadilishe vyumba. Watoto wa la kwanza iko wepesi."

Wepesi! Na watu wazima wenye akili zao wakaitikia kwa vichwa. Niliuliza, "Na Salima je? Mutoto wako naye iko mwepesi?" Alinitazama kama nimemvua nguo mbele za watu. Nyumbani hakunipiga wala hakunitukana. Alisema tu, "Mama Salima, ukifunga shimo, umefunga masomo. Chagua."

Tukahamia chumba chenye ufa. Siku moja nikawa nawafundisha kuhesabu kwa kugonga meza. Niligonga mara tatu, watoto wakaitika, "Tatu!" Chini ya miguu yetu kukagongwa mara tatu. Watoto walicheka mpaka machozi. Salima akalaza sikio sakafuni: "Madame, huku chini iko watu!" Shuleni ananiita madame kama wenzake. Mimi nilifuta ubao, nikawahamishia kwenye kusoma. Tangu siku hiyo hawakutaka hesabu bila watu wa chini.

Niliwatoa nje, tukasomea uwanjani. Mvua zikaanza, direkteri akaturudisha ndani. "Kama umechoka kazi, madame, sema. Iko wengi wanaitafuta." Nikapanda pikipiki mpaka kwa mkubwa mmoja wa elimu. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Shule yenu inafaulu, mama. Unataka ifungwe, watoto waende wapi? Machimboni?" Nikamshukuru, nikapanda pikipiki nikarudi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilimshukuru.

Wiki hii kugonga kumekoma. Watoto wanapiga sakafu kwa visigino, wanangoja, kimya. Nilidhani ningefurahi. Nikamfuata PDG, ambaye ni mtu mpole, hunisalimia kwa heshima. "Usiogope, madame," akaniambia. "Pale tulishamaliza. Dhahabu iliisha, tumehamia upande mwingine." Nikamuuliza kuhusu miti iliyokuwa inashikilia udongo kule chini ya darasa. Akanishangaa. "Miti iko bei kali, madame. Tuliing'oa, tukaenda nayo."

Nimemwambia mume wangu. Akasema tumalize kwanza trimestri hii, muhula wenyewe umebaki kidogo, mtihani uko karibu. Salima naweza kumbakiza nyumbani, niseme ana homa. Lakini wale wengine ni watoto wa majirani, kila asubuhi wananikimbilia kunibebea mkoba. Nikisema hadharani, shule itafungwa, wenzangu watarudia njaa, na ndoa yangu sijui itakuwaje. Nikinyamaza, yatakayotokea sitaki hata kuyaandika. Naogopa, jamani. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Mnaosoma hapa ni wengi, wengine mna vyeo, wengine yamewahi kuwafika. Niambieni nibishe hodi kwa nani na nianze na neno gani. Ila msinishauri nisubiri. Ninapoandika haya mvua inapiga bati tangu alasiri, na kesho somo la kwanza ni hesabu.