Nilitoa makasha ya P2 nijitetee, yakanivunjia ndoa

Admin, jina langu libaki kwako, maana Tabora ni ndogo na vitu vichache nimevibadilisha makusudi. Nina miaka thelathini na moja, ni fundi cherehani maeneo ya Kanyenye, nina mabinti wawili na mimba ya miezi saba ambayo mwenye nayo ameikataa. Nimeandika ujumbe huu na kuufuta mara nyingi. Leo nautuma hivi hivi.

Mume wangu anatengeneza reli, kambi yao iko upande wa Kaliua. Nyumbani anakuja siku mbili au tatu kwa mwezi. Wanangu wote niliwazaa kwa upasuaji, na kwa huyu wa pili nilitokwa damu mpaka ndugu wakaanza kunililia nikiwa hai. Daktari akasema nipumzike kuzaa angalau miaka miwili. Nilipomwambia mume wangu alijibu, "Mungu ndiye anayepanga, Mama Neema. Mama anataka mjukuu wa kiume abebe jina la marehemu mzee." (Neema si jina halisi la mwanangu.)

Mama mkwe tunaishi naye. Na pale kliniki ya uzazi wa mpango, anayeandikisha watu ni wifi yangu, dada wa mume. Ningechoma sindano asubuhi, mchana ugali ungeliwa na habari hiyo.

Hapo ndipo nilipojidanganya. Nikasema, mume wa siku tatu kwa mwezi, vidonge vya kila siku vya nini? Nikawa nanunua P2, vile vidonge vya kuzuia mimba baada ya tendo, kwenye duka la dawa la mbali, kila akija nameza kwa siri. Kichefuchefu na kichwa kuuma nilivumilia. Hedhi nayo ikakosa adabu, mwezi huu inawahi, mwezi ujao inachelewa. Makasha matupu niliyaficha kwenye kopo langu la vifungo, kwa sababu taka za nyumbani anachoma mama mkwe, na huzichambua kwanza.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita mume wangu alikuja, nikameza kama kawaida. Wiki moja baadaye nikaona damu kidogo, nikajua hedhi imekuja, nikamshukuru Mungu. Mwezi wa saba na wa nane hakuja kabisa, kazi ziliwabana. Mimi nikaanza kuchoka, chakula kikanishinda, nikapima. Nilikuwa mjamzito.

Kliniki waliniuliza hedhi ya mwisho niliona lini. Nikataja ile damu. Wakahesabu kuanzia hapo, wakaandika kwenye kadi, na jioni hiyo wifi alikuwa ameshaisoma. Akampigia kaka yake: kwa kadi hii, mimba imeingia wiki mbili baada ya hedhi, yaani mwishoni mwa mwezi wa sita. Wewe ulikuwa wapi?

Mume wangu alikuja bila taarifa. Akakaa kwenye kiti changu cha cherehani, mama yake pembeni, kadi mkononi. "Mama Neema, mwishoni mwa mwezi wa sita mimi nilikuwa Kaliua. Nieleze."

Mimi mjinga nikaona dawa ya moto ni ukweli. Nikaleta kopo mwenyewe, nikamwaga vifungo na makasha sakafuni. Nikamwambia, ile haikuwa hedhi, ni damu ya vidonge, mimba ni ya ulipokuja.

Akaokota kasha moja, akaligeuza geuza. "Hivi wanameza wanaotembea nje. Mke wa mtu, mume yuko safari, anavimeza kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako, Baba Neema. Niliogopa kufa."

"Kwa hiyo mimi ndiye uliyenizuia. Mwenzangu akapita."

Nikamgeukia mama mkwe nikidhani mwanamke mwenzangu atanielewa. Akasema, "Mimi nimezaa tisa, mbona sikufa?" Kesho yake walinifukuza, nikaenda kwa dada yangu na begi moja. Wanangu wakabaki kwa bibi yao.

Nilikwenda kupima tumbo kwa mashine ya ultrasound. Daktari akanieleza bila kunisimanga: vidonge vile ni vya dharura, si vya kutegemea kila mwezi, mimba inaweza kuingia hata ukimeza, vinaweza kuleta damu isiyo hedhi, na mtoto havijamdhuru. Wiki alizosoma zinarudi pale pale, mwanzoni mwa mwezi wa sita, mume wangu alipokuwa nyumbani. Nililia kwa furaha mbele ya watu. Nikapiga picha karatasi, nikamtumia. Akajibu mstari mmoja: "Mashine inajua wiki, haijui baba."

Kosa langu nalijua. Nilimficha mume wangu jambo la ndani, na aliyefichwa ana haki ya kukasirika. Lakini mimi si malaya. Inaniuma hadi nashona nguo za watu kombo. Juzi Neema alinipigia kwa simu ya jirani, akaniuliza, "Mama, bibi anasema unaumwa. Unapona lini uje?" Nikamwambia karibuni. Nilipokata simu nilikaa chini sakafuni.

Sasa sikilizeni ambalo sijamwambia mtu. Siku ile ya kipimo daktari aliniambia pia kwamba ni mtoto wa kiume.

Nikilisema hili neno moja, namjua mama mkwe, atapanda bajaji siku hiyo hiyo kunifuata, na mume wangu atasahau hesabu zake zote. Nitalala tena na wanangu. Lakini angekuwa binti, ningebaki hapa hapa na tumbo langu. Upasuaji wa tatu unakaribia, naogopa kuliko mara zote, na hospitali wameniambia niandike jina la mtu wa kuitwa nikizidiwa. Pale pa jina bado ni peupe.

Ndugu zangu, msinitukane, nishaurini. Niwaambie ni mvulana wanirudishe, au ninyamaze nione kama kuna atakayekuja kunifuata mimi?