Mbegu Katika Saa ya Vifo

Kwa miezi kadhaa nilikuwa na kipindi kwenye redio yetu ndogo ya Masisi. Nilieleza kazi ya chama kimoja kinachosaidia familia zisizo na kitu: kinatoa mbegu, kinatoa mbuzi, na ofisi yake iko nyuma ya soko. Nilijiona mtu wa maana sana. Kumbe hakuna aliyenisikiliza. Hata mke wangu alizima redio nikianza tu, ili kuokoa pile, yaani betri zake, na hakuona haya kuniambia.

Pile watu waliziweka kwa ajili ya saa moja tu, ile ya matangazo ya vifo. Hapo vilima vyote hunyamaza.

Basi chama kilipoleta orodha ya watakaopewa mbegu za maharage, iliyoandikwa na wakuu wa vijiji, na kusema kwamba asiyefika Ijumaa nafasi yake itakwenda kwa mwingine, nikajiona mjanja. Nitaisoma saa ya vifo! Jina la kwanza lilikuwa la mama mdogo, ndugu wa marehemu mama yangu, mjane wa Nyamitaba. Mvua za kupanda zilikuwa zimeshaanza, naye hakuwa na mbegu hata ya kujaza kiganja. Nikasoma kwa mtindo niliouzoea: "Familia ya mama fulani wa Nyamitaba inajulishwa kwamba..."

Tangazo linaloanza hivyo kwetu huishia kaburini. Nyamitaba haikungoja mwisho wake. Wanawake walipiga yowe, na habari za ofisi, Ijumaa na mbegu zikapotelea humo.

Kesho yake asubuhi nikapigiwa simu kwamba kuna kilio kwa mama mdogo. Nikapanda pikipiki roho juu, tangazo langu silikumbuki kabisa. Nikakuta uani watu wamejaa. Kuni zimelundikwa, kuna ndizi, unga na maharage, na mama mdogo mwenyewe ameketi mlangoni, mzima, amefura kwa hasira.

Nilipoeleza kosa langu, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nikacheka. Yeye hakucheka.

"Jana nilikuwa muzima," akawaambia, "na ku nyungu hakukuwa kitu. Hakuna mwenye alileta hata kikombe moja ya maharagi. Leo juu ya kufa kwangu, njo munaleta kuni?"

"Utusamehe, Mama," akasema jirani yake. "Hatukujua."

"Mulijua."

Jirani akainama kupanga kuni.

Ijumaa wengi wa waombolezaji wale walimsindikiza hadi ofisini, nadhani kwa aibu. Walipouona mfuko wa mbegu kwa macho yao, wakaanza kuuliza wao wataandikwa lini. Watu wa chama wakanishika mkono na kunishukuru, maana hatimaye wanajulikana. Nilipaswa kufurahi.

Nilikuwa nafunga mfuko wake kwenye pikipiki mama mdogo aliponisogelea.

"Jina yangu uliiona ku liste ya mbegu, mutoto yangu," akasema taratibu. "Na njia ya kufika kwangu, ulikuwa unangoja nani akusomee?"

Nikaendelea kukaza kamba ya mfuko. Kutoka studio hadi kwake ni saa moja kwa pikipiki, nami sikuwa nimekanyaga pale tangu tulipomzika mama.