Ukuta wa Mzee Tokuji

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mzee Tokuji hushika ufagio wake mfupi, akaenda nyuma ya shamba lake la figili kupangusa ukuta. Si wa kujengwa, ni ubavu wa Sakurajima, mlima wa volkano, uliokatwa barabara ilipopita. Ukipanguswa, mistari hujitokeza: juu majivu ya juzijuzi, chini mkanda mweupe wa mawe mepesi ya mwaka 1914, halafu udongo mweusi, kisha mkanda wa 1779. Hakuna mtoto wa kijijini ambaye hakufundishwa hapo.

"Mkanda huu mweupe ulimkimbiza babu yangu kwa mashua," huwaambia. "Aliporudi, akakuta mlima umemwaga uji wa moto mpaka ng'ambo, kisiwa chetu hiki kimeshikana na bara. Alinuna! Angesubiri angevuka kwa miguu."

Mwaka huu halmashauri ikaleta barua: ukuta utapigwa saruji.

"Watoto nitawaonyesha nini sasa? Shingo yangu?"

"Hiyo ina matabaka mengi zaidi," akajibu mkewe, Bi Sumie.

Akaja mhandisi, binti mmoja aitwaye Ijichi.

"Babu, ukuta huu utaanguka."

"Uanguke? Umesimama tangu sijaota meno!" Mzee akaupiga konzi. Mkanda mweupe ukammwagikia kofiani, chekechekee, kama mchele wa gunia lililotoboka. Bi Sumie alicheka mpaka akakaa chini. Mzee hakucheka. Alichungulia lile tundu, akaona maji ya mvua yalivyopenya.

"Haya," akasema taratibu. "Zibeni."

Ijichi akaipapasa ile mistari. "Babu, mna shuka kuukuu?"

Wakaupaka ukuta gundi, wakabandika shuka, wakangoja siku mbili ikauke. Majirani wakaja kuvuta.

"Polepole, wee! Unachuna ng'ombe?" Mzee akafoka.

Likatoka shuka zima, na mistari yote imeng'ang'ania juu yake. Likatundikwa katika ukumbi wa kijiji.

Jumapili watu wakajaa. Mzee akalisogelea shuka, akakagua mstari baada ya mstari. Nyuma yake msichana mdogo alikuwa tayari anamsomesha mwenzake, tena kwa ukali.

"Mzee wetu, neno kidogo," akaomba mwenyekiti.

"Mwalimu mnaye huyo hapo. Mimi figili zinaningoja."

Akavaa viatu, akatoka. Walimwekea kiti, viazi vitamu na kikombe cha pombe ya moto. Viazi na pombe vikapoa, hakurudi.